Sanduku la Shangazi

Mwaka 1987, nilipokuwa na miaka 19, nilimwaga chakula cha shangazi yangu nyuma ya nyumba nikakifukia kwa majivu. Kilikuwa ugali wa muhogo na mtama pamoja na angara, wale samaki wakavu wa Ziwa Albert, waliopikwa kwa simsim. Alinipikia kwa kuwa nilikuwa ndiyo kwanza nainuka kitandani baada ya malaria. Nilimrudishia sahani tupu nikamshukuru. Alifurahi kuona nimekula vizuri, akaahidi kuniletea tena kesho. Kesho yake alileta, nami nikamwaga tena.

Kwetu ni Vurra, upande wa Uganda wa mpaka na Kongo, mahali ambapo malori husubiri forodha kabla ya kuvuka kwenda Aru na kuendelea hadi Bunia. Tulikuwa tumerudi kutoka uhamishoni mwaka uliotangulia. Mashamba yalikuwa yamegeuka pori, nyumba zimebaki kuta, na kila familia ilikuwa imeacha makaburi ng'ambo ya mpaka. Ndipo mtoto wa jirani, mvulana wa miaka sita hivi, akaugua usiku wa siku ya matanga fulani kijijini na kufariki alfajiri. Kwenye matanga yale mpakuaji wa chakula alikuwa shangazi.

Hakuna aliyemshtaki. Katika Kilugbara kuna neno enyanya, sumu anayotiliwa mtu katika chakula au pombe, na neno hilo halihitaji kutamkwa kwa sauti ili lifanye kazi yake. Watu walianza tu kuhesabu. Shangazi anaishi peke yake mwisho wa boma. Huenda mtoni usiku, wenzake wakiwa wamelala. Akija kwenye shughuli hakai na wanawake wengine. Hupakua, huosha vyombo, huaga. Chini ya kitanda chake kuna sanduku la bati lenye kufuli, na ufunguo ameufunga kiunoni kwa uzi. Mambo hayo yote yalikuwa kweli. Mimi mwenyewe niliyashuhudia. Namwomba msomaji ashike hilo, kwa sababu tumezoea kudhani kwamba anayemdhulumu mtu kwa shaka amedanganywa na uvumi. Mimi sikudanganywa na yeyote. Niliona kwa macho yangu, nikakosea.

Kosa langu lina historia, na historia hiyo inaanza na kitabu. Baba mdogo alifanya kazi katika Shirika la Reli la Afrika Mashariki mjini Nairobi mpaka Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977. Tulipokimbia mwaka 1980, baada ya serikali ya Idi Amin kuanguka na wanajeshi kuja West Nile, eneo letu, kulipiza kisasi, yeye alivuka mpaka na blanketi, sufuria, na nakala ya *Mzimu wa Watu wa Kale* ya Muhammed Said Abdulla. Nilikuwa na miaka 12. Jioni alitusomea kando ya moto, akisimama kila baada ya sentensi kadhaa kutufafanulia kwa Kilugbara. Kitabu kile ndicho kilichonifundisha Kiswahili.

Abdulla alikuwa Mzanzibari, mzaliwa wa Makunduchi, mtu wa magazeti. Hadithi yake ilishinda mashindano ya uandishi wa Kiswahili mwishoni mwa miaka ya 1950, na kitabu kikachapishwa mwaka 1960. Tajiri anakutwa amekufa penye mzimu, pahala ambapo watu huogopa hata kupita. Kwa wengi jambo liko wazi: wahenga wamekasirika. Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, hakubali. Anauliza nani alikuwa wapi na nani ana faida gani, mpaka mkono wa binadamu unaonekana pale watu walipoona mkono wa mizimu.

Sisi watoto tulishangaa kwamba mtu mzima, mwenye heshima zake, anaweza kusimama mbele ya watu na kusema wahenga hawakufanya hivi. Mwaka ule ule wa 1960 kilitoka kitabu kingine ambacho nilikutana nacho nikiwa mwalimu. Mwanaanthropolojia John Middleton, aliyeishi kati ya Walugbara tangu 1949 hadi 1952, aliandika juu ya dini yetu, na katikati ya kitabu chake limo neno ole. Ole ni uchungu wa moyo. Mzee akiona kijana wa ukoo amekosa adabu, amempiga baba yake au amewanyima ndugu nyama, huketi karibu na madhabahu ya wahenga akiwa na uchungu huo. Wahenga wanausikia, na kijana anaugua. Hiyo ni haki, nao ugonjwa huo ni fundisho. Lakini mchawi naye hudhuru kwa ole, uchungu wa kumwonea mwenzake wivu. Neno ni moja, na mara nyingi mzee ni yule yule. Wanaompenda husema amelinda ukoo. Wasiompenda husema ametuloga.

Palikuwa pia na njia za kuuliza. Mojawapo ni acife, kijiti kinachosuguliwa huku majina yakitajwa, na pale kinapokwama ndipo penye jibu. Majina hutajwa na aliyekuja kuuliza. Yeye ndiye anayejua amegombana na nani juu ya mpaka wa shamba, na mke gani hapatani na mke mwenziwe. Kijiti hakijawahi kutaja jina ambalo hakikupewa.

Kwa hiyo nilikua nikijihesabu upande wa Bwana Msa. Nilijiona nimevuka. Ilipofika siku ya kumshuku shangazi, sikwenda kwa mganga wala sikutaka kusikia habari za kijiti. Nilikusanya ushahidi. Nilihesabu safari zake za mtoni. Niliona jinsi anavyogusa kiuno kuhakikisha ufunguo upo. Niliweka jambo hili kando ya jambo lile, nikahitimisha. Ilinichukua miaka mingi kutambua kwamba nilikuwa nafanya kile kile kinachofanywa na mwenye kijiti: nilikuwa na jina moja tu, na kila nilichokiona nilikisugua juu ya jina hilo.

Hadithi za upelelezi zenyewe zingeweza kunionya, lau ningezisoma kwa makini. Mwaka 1926 Agatha Christie alitoa *The Murder of Roger Ackroyd*, kitabu ambacho hadi leo watu wanakibishania. Tajiri ameuawa ndani ya nyumba yake, na mpelelezi Poirot anagundua kwamba karibu kila aliyekuwamo anaficha kitu. Mtumishi wa kike anaficha ndoa. Msimamizi wa nyumba anaficha mtoto. Wanadanganya, wanatetemeka, wanakwepa maswali, na msomaji anawashuku wote kwa zamu. Lakini wanachoficha ni aibu zao na mapenzi yao. Siri zao hazihusiani na damu. Mwuaji ni mmoja, naye ndiye mtu ambaye msomaji hakufikiria kumshuku, kwa kuwa ndiye anayetusimulia kisa chenyewe. Nilipomaliza kukisoma nilikifunga nikakaa kimya muda mrefu. Katika kisa cha Vurra msimulizi ni mimi.

Mimi ni Mkatoliki, nimebatizwa Ediofe. Binamu yangu ameolewa Koboko katika nyumba ya Wanubi, na mkwewe, mzee mwenye elimu ya dini, amenifundisha mengi kwa upole. Mwezi mmoja wa Ramadhani nilimweleza habari za shangazi. Hakunihukumu. Alinisimulia kisa ambacho kila Mwislamu anakijua, lakini mimi sikuwahi kukisikia kikisimuliwa kwa utulivu kama alivyofanya yeye.

Bibi Aisha, mke wa Mtume, alikuwa safarini na msafara. Akapoteza kidani chake, akarudi kukitafuta. Wabebaji wakalinyanyua hawdaji lake wakidhani yumo, wakaenda zao. Akabaki peke yake mpaka kijana Swafwan akampata, akampandisha ngamia wake na kumfikisha kwa watu. Hilo tu. Lakini walioona mwanamke na kijana wakitokea jangwani pamoja walikuwa wameona kitu cha kweli, na juu ya ukweli huo walijenga uwongo. Madina nzima ilinong'ona kwa karibu mwezi mzima. Bibi Aisha akaugua, akarudi kwa wazazi wake, akalia. Kisha zikashuka aya za Surat An-Nur zilizomsafisha, zikasomwa hadharani, zinasomwa hadi leo misikitini. Na sheria iliyoshuka katika sura hiyo iliwageukia wasemaji: anayemsingizia mwanamke mwenye heshima alete mashahidi wanne, na asipowaleta, adhabu ni yake.

Mzee yule akaniuliza, “Mwanangu, katika kisa hiki ni nani anayedaiwa ushahidi?”

Nikakumbuka kisa chetu sisi, kilichomo katika sura ya 13 ya kitabu cha Danieli katika Biblia ya Kikatoliki. Wazee wawili waamuzi wanamsingizia Susana kwamba wamemkuta na kijana bustanini. Watu wanawaamini kwa kuwa ni wazee, na mwanamke anapelekwa kuuawa. Danieli, kijana mdogo, anasimamisha safari ile. Anawatenganisha wazee, anamwuliza kila mmoja peke yake: uliwaona chini ya mti gani? Mmoja anataja mti huu, mwenzake anataja mti mwingine. Wako watu wanaosema hiki ndicho kisa cha kwanza cha upelelezi duniani. Nimekifundisha mara nyingi katika katekisimu, lakini jambo moja lilikuwa limenipita mpaka siku ile ya Koboko. Danieli hamhoji Susana. Hamwulizi kwa nini alikuwa peke yake, wala kwa nini alifunga milango ya bustani. Anawahoji walioshuku.

Sisi hufanya kinyume. Tukimshuku mtu, tunamtaka yeye ajieleze. Aseme alikwenda wapi usiku. Afungue sanduku. Na akikataa, kukataa kwake tunakufanya ushahidi mpya.

Shangazi hakufungua sanduku lake. Baada ya matanga yale aliishi miaka 16. Hakuna aliyempiga wala kumchomea nyumba, na katika nyakati zile kulikuwa na waliofanyiwa hivyo. Lakini hakupewa tena kata ya kupakulia. Kwenye kwete, pombe ya kwetu, mwenyeji huonja kwanza mbele ya wageni ndipo apitishe kibuyu. Kwa shangazi hata kuonja hakukutosha, watu walisema wameshiba. Watoto walifundishwa kupita mbali na mwembe wake, na maembe yakaoza chini. Aliendelea kwenda kanisani, akikaa benchi la nyuma karibu na mlango, akitoka kabla ya watu kusalimiana. Hilo nalo tulilihesabu.

Alifariki mwaka 2003. Wanawake walioosha maiti, mama yangu akiwa mmojawapo, walitoka wakiwa kimya. Jioni mama aliniita ndani, akaufungua uzi kiunoni mwa marehemu, akanipa ufunguo. Ndani ya sanduku la bati mlikuwa na vitambaa, vipande vya kanga kuukuu na mashuka, vimefuliwa, vimekunjwa sawasawa, pengine mia. Mlikuwa na sabuni za kipande. Mlikuwa na kifurushi cha majani makavu yenye harufu nzuri. Basi.

Mwaka 1982, huko uhamishoni, shangazi alikuwa na uchungu wa kuzaa kwa siku tatu bila mkunga wala hospitali. Mtoto alizaliwa amekufa, naye akabaki na fistula, tundu linaloachwa na uzazi uliokwama, mkojo ukawa unatoka wenyewe mchana na usiku. Mume alimrudisha kwao. Bibi yangu alijua. Ndiye aliyemwambia mama kabla ya kufa na kumwapisha asiseme. Kwa hiyo shangazi alifua usiku mtoni ili asionekane. Hakukaa na wanawake kwa kuwa angelowesha mkeka. Alikaa karibu na mlango wa kanisa ili harufu isimfikie mtu. Kila kitu nilichokihesabu kilikuwa na maelezo, na maelezo yote yalikuwa mamoja.

Nimejiuliza kama nina haki ya kuandika haya, maana alilinda siri hiyo miaka 21 kwa gharama kubwa. Jibu nililofikia ni kwamba fistula ni jeraha kama jeraha lingine. Aibu tuliiongeza sisi. Lakini nasisitiza jambo hili: asiye na hatia hapaswi kulazimika kuvua nguo ili aaminiwe. Kama sanduku lile lingepotea motoni bila kufunguliwa, shangazi angekuwa hana hatia vile vile.

Je, mtoto yule aliuawa na nini? Homa kali, degedege, kifo kabla ya mapambazuko: malaria ya kichwa huua watoto hivyo, na West Nile ina mbu wa kutosha. Hakuna aliyempima. Tulikuwa na swali la kweli, na hasira ya kweli, lakini hatukuwa na subira.

Nasema subira kwa sababu subira ilikuwapo jirani yetu. Kuluva, hospitali ya misheni iliyo kilomita chache kutoka mji wa Arua, ilikuwa na daktari aliyeitwa Ted Williams. Watoto wa West Nile walikuwa wakipatwa na uvimbe wa taya unaokua haraka na kuua, ule ambao Denis Burkitt wa hospitali ya Mulago aliuandikia mwaka 1958. Watoto wawili wa kijiji kimoja wakiugua mmoja baada ya mwingine, fikiria minong'ono. Williams na wenzake waliandika kila mgonjwa anakotoka na lini alianza kuugua. Mwaka 1967 walitoa taarifa ya wagonjwa wa 1961 hadi 1965: wale walioishi karibu walielekea pia kuugua kwa nyakati zilizokaribiana. Jambo ambalo kijiji kingelifanya ushahidi dhidi ya jirani, wao walilifanya swali juu ya ugonjwa, kwamba huenda kuna kitu kinachoambukiza. Mwaka 1964, huko London, kirusi kilikuwa tayari kimeonekana katika chembe za uvimbe huo. Nao walishuku, tena walishuku sana. Ila walikuwa tayari kushindwa na daftari lao.

Sheria nayo ilijifunza kitu. Uganda ina Sheria ya Uchawi tangu 1957, iliyompa hakimu uwezo wa kumfukuza mtu kijijini kwake. Salvatori Abuki, wa kaskazini mwa Uganda, alihukumiwa kifungo na, baada ya kifungo, miaka 10 ya kutokanyaga kwao. Mwaka 1997 Mahakama ya Katiba ilisema kufukuzwa huko kunavunja Katiba, na Mahakama ya Juu ikakubaliana nayo. Katiba yenyewe ya 1995, ibara ya 28, inamhesabu mtuhumiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitike vinginevyo. Lakini hakuna mahakama inayoweza kuamuru watu wale maembe ya mwanamke. Shangazi hakufukuzwa na hakimu. Alifukuzwa akiwa nyumbani.

Watu husoma hadithi za upelelezi kwa hamu ya kumjua mwuaji. Mimi siku hizi ninasubiri kitu kingine. Bwana Msa anapomtaja mwenye hatia, sentensi hiyo hiyo inawaachilia wengine wote tuliowashuku, nao wanasikia wakiwa wamekaa pale pale. Aya za An-Nur zilimsafisha Bibi Aisha mbele ya mji ule ule ulionong'ona. Susana alirudishiwa jina lake mbele ya umati ule ule uliokuwa ukimpeleka kuuawa. Vijijini kwetu shaka haina sura ya mwisho. Hupungua tu, watu wakazeeka, na aliyeshukiwa akafa nayo. Siku ya mazishi ya shangazi nilikuwa na ufunguo mkononi. Padri aliuliza kama yupo mwenye neno. Niliinamisha kichwa. Mama naye aliinamisha chake. Tuliogopa kumwaibisha, ndivyo tulivyoambiana. Kumbe tuliogopa kuulizwa sisi wenyewe tulikuwa wapi.

Naamini shaka si dhambi inapoingia moyoni. Huingia yenyewe, hasa penye msiba. Inakuwa dhambi tunapoipa kiti na kuacha kuihoji. Naamini pia kwamba ikishindwa, aliyeibeba anadaiwa kutangaza kuwa imeshindwa, kwa sauti ile ile na mahali pale pale. Toba ya chumbani haitoshi kwa kosa lililotendwa mbele ya watu.

Kwa hiyo nakuomba, msomaji. Yupo mtu ambaye uliiepuka sahani yake, uliyewaambia watoto wako wasipite kwake. Kama ukweli umeshamsafisha nawe ulinyamaza, nenda kaseme, sokoni, kanisani, msikitini, penye kwete, popote ulipolipokea neno lile. Kama bado yu hai, kale kwake.

Mimi nimechelewa kwa hilo. Lakini nimezungumza na katekista wetu wa Vurra, na Jumapili ijayo, baada ya matangazo, nitasimama nilitaje jina la shangazi mbele ya waliokuwapo na watoto wao. Nitawaambia kilichokuwa sandukuni. Hakukuwa na sumu.